Ukifuta huku, kule nako zinafutika: tuongee kuhusu picha zako

Jumatatu moja asubuhi sijafungua hata mlango vizuri, mama mmoja ananisubiri barazani, simu kaifunga kwenye kitambaa. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, nimeambiwa we unarudishaga picha. Nikampa kiti, nikamuuliza imekuwaje. Ikawa hivi: simu ilikuwa kila siku inamwambia imejaa, kijana wake akamwambia mama picha zako zote zipo kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni huko mtandaoni, we futa tu hizi za kwenye simu upate nafasi. Mama akakaa jioni nzima anafuta, picha za miaka sita, mpaka za sendofu ya binti yake. Siku zikapita, binti akapiga simu anaomba picha moja ya siku ile, mama anaingia kwenye wingu anakuta kweupe.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, na saivi kazi yangu kubwa ni hii ya picha, kuzitoa kwenye wingu kuzileta kompyuta ya nyumbani, kuzitoa simu kuzipeleka wingu, kupanga tarehe zilizovurugika. Kisa cha huyu mama nakutana nacho kila mara, sura tu ndo zinabadilika, na kinaniuma kwa sababu karibu wote wanaofika mezani kwangu walifanya walichoambiwa na mtu anayewapenda.

Kijana hakumdanganya mama, picha kweli zilikuwa kwenye wingu. Shida iko kwenye neno lenyewe, kusinki. Watu wakisikia picha zinasinki wanaelewa kwamba zimewekwa akiba mahali. Sasa kusinki ni kioo. Ukisimama mbele ya kioo ukavua kofia, na yule wa kwenye kioo kashavua, hawezi kubaki nayo akutunzie. Akiba ni kabati, unaweka kitu unafunga, huku nje ufanye utakalo. Huduma nyingi za picha tunazotumia ni kioo na sisi tunazitegemea kama kabati.

Tuangalie kwa karibu maana hapa ndo watu wanapoumia. Kwenye Google Photos kuna njia mbili za kuondoa picha kwenye simu na hazifanani hata kidogo. Ya kwanza unachagua picha unabonyeza alama ya pipa, hiyo inafuta kote, simu na wingu. Ya pili ni ile ya kufungua nafasi kwenye simu, yenyewe inakagua kwanza zipi zimeshapanda kwenye wingu, alafu inaondoa nakala za kwenye simu peke yake. Mama alitumia ya kwanza. Kwa mwenye iPhone iliyowashwa iCloud Photos, wingu la Apple wenyewe, kitufe kama hicho cha pili hakuna, ukifuta umefuta kote, unachoweza ni kuwasha setingi ya kubana nafasi ili simu ibaki na picha ndogo ndogo na zile kubwa zikae iCloud. Na kuna mtego wa watu wenye vyote viwili: una iPhone, iCloud Photos imewashwa, alafu ndani ya apu ya Google Photos ukabonyeza kufungua nafasi, basi picha zinatoka kwenye simu, iCloud inaona zimefutwa, na yenyewe inafuta, unabaki na zile za Google tu.

Laptopu nazo hivyo hivyo. Ukiwa na OneDrive, wingu la Microsoft, kwenye Windows folda ya picha inaonekana ipo, majina yote unayaona, ila angalia pembeni ya jina, ukikuta kawingu ka buluu ujue faili lenyewe halipo kwenye mashine, liko kwao, unachokiona ni jina lake tu. Ukiifuta hiyo folda ukidhani unapunguza mzigo, umeifuta na kule. Cha kufanya ni kubonyeza upande wa kulia wa mausi juu ya folda na kuchagua ile ya kufungua nafasi.

Kilichomwokoa mama ni pipa. Picha iliyokuwa imeshapanda Google Photos ukiifuta inakaa kwenye pipa siku 60 ndo inaondoka moja kwa moja. iCloud siku 30. OneDrive ya mtu binafsi siku 30 pia. Mama alifika siku zikiwa bado hazijatimia, tukafungua pipa, tukazirudisha zote, alipoiona ile picha ya binti amekaa na shangazi zake akaishika simu kwa mikono miwili hakusema kitu. Kwa hiyo ukifuta kwa bahati mbaya usisubiri mwisho wa mwezi, usisubiri kijana arudi likizo, fungua pipa leo leo.

Nilimwambia tusiishie hapo, tuzilete zote nyumbani, kwa sababu wingu lina wenyewe na wenyewe wanabadilisha masharti. Flickr, huduma ya kuweka picha mtandaoni, mwaka 2013 ilitoa terabaiti nzima (kama GB 1,000) bure, 2018 wakatangaza mwisho wa bure ni picha 1,000, na 2019 wakaanza kufuta zilizozidi. Google Photos ilipokea picha zilizobanwa bure bila kikomo toka 2015, kuanzia 1 Juni 2021 kila inayopanda inahesabiwa ndani ya GB 15 pamoja na barua pepe zako na mafaili yako ya Google Drive. Na hili nalisema kwa uzito wote: akaunti ya Google isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa na kila kilichomo, sera hiyo waliitangaza 2023. Kama una akaunti ya mzazi aliyetangulia mbele ya haki na picha zake zimo humo, ingia leo, zitoe.

Kuzitoa Google kwa wingi unatumia Takeout, huduma yao wenyewe ya kupakua vitu vyako. Unachagua Photos peke yake, unaomba, wanakuandalia mafurushi ya zipu, yaani mafaili mengi yamefungwa pamoja, na kukutumia linki kwenye barua pepe. Linki inadumu kama wiki moja. Hapo kwenye ukubwa wa furushi watu wanachagua GB 50 wapate machache, mimi nasema chagua GB 2, kwa intaneti zetu na umeme wetu furushi la GB 50 likikatikia njiani unaweza ukaanza upya, la GB 2 hata likikatika haliumi. Piga hesabu mapema pia, GB 120 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde ni kama saa 27 ikiwa haijayumba hata mara moja, kwa hiyo hiyo sio kazi ya bando la siku, tafuta wifi ya ofisini au subiri bando la usiku.

Ukishazifungua zile zipu sasa ndo kunaanza kuchanganya. Kila picha inakuja na kifaili chake pembeni kinachoishia na json, watu wanaona ni uchafu wanavifuta. Usivifute! Humo ndo kuna maelezo uliyoandika, na tarehe kama uliirekebisha ukiwa ndani ya Google Photos, kwa sababu marekebisho hayo hayaandikwi ndani ya picha yenyewe. Nilifungua cha ile picha ya sendofu, kwenye sehemu ya muda wa kupigwa kuna namba 1561190400. Hizo ni sekunde zilizopita toka 1 Januari 1970, ukizigeuza unapata 22 Juni 2019, saa 8:00 kwa saa za dunia. Mama akasema hapana mwanangu, ilikuwa saa tano asubuhi. Na yuko sahihi kabisa, sisi tuko mbele saa 3, 8:00 yao ni 11:00 yetu, yaani saa tano. Hili usilidharau, maana programu nyingi za kurudisha tarehe zinachukua ile namba kama ilivyo, na picha yoyote uliyopiga kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku inaangukia siku ya nyuma. Picha za mkesha wa mwaka mpya za familia nzima zinaandikwa 31 Desemba wakati watu walishaanza kukumbatiana Januari. Mimi natumia programu ya exiftool, ya bure, inaandika tarehe ndani ya picha yenyewe na nnaiambia iongeze saa 3.

Picha za WhatsApp ni jambo jingine. Zile zinazokuja na jina kama IMG-20190622-WA0031 zimeshabanwa na taarifa za ndani zimetolewa, tarehe na mahali havimo, kilichobaki ni hiyo tarehe ya kwenye jina, nayo ni ya siku ilipopita WhatsApp, siku ya kupigwa inaweza kuwa nyingine kabisa. Mtu akikutumia picha muhimu mwambie aitume kama dokumenti, inafika nzima.

Nyumbani kwa mama tulifanya hivi. Simu yake ni Android, nikaweka Syncthing, ambayo inasinki simu na laptopu moja kwa moja bila kupitia seva ya mtu, zikiwa kwenye wifi moja tu zinaonana, bando haliguswi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, za EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikalala nchi nzima, kwangu picha ziliendelea kuingia kwenye kompyuta kama kawaida, rauta ilikuwa inawaka na hicho ndo kilikuwa kinatosha. Apu rasmi ya Syncthing ya Android ilisimamishwa Desemba 2024, saivi tunatumia Syncthing-Fork, toleo lake linaloendelezwa na watu wengine. Ila kumbuka, na hii nayo ni kioo! Kwa hiyo kwenye simu nimeweka folda ya kamera iwe ya kutuma tu, na upande wa laptopu nimewasha utunzaji wa matoleo ya zamani, ile ya aina ya pipa, isijisafishe. Mama akifuta kwenye simu, laptopu inaisogeza picha pembeni kwenye folda yake, haipotezi.

Alafu kuna hadidiski, ile diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndo aliyesambaza kanuni ya 3-2-1, nakala tatu, aina mbili za chombo, moja ikae nje ya nyumba, na kwa nyumba ya kawaida inatekelezeka kabisa: wingu, laptopu, na hadidiski moja inayokaa kwa ndugu. Hadidiski usiiache imechomekwa muda wote, umeme ukipiga shoti inaondoka pamoja na laptopu. Huku pwani hewa ina chumvi na unyevu, ifunge kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Na flashi za terabaiti 2 za bei ya chakula cha mchana, jamani, msiweke picha za familia humo. Ndani mna GB 32 au pungufu, zimefundishwa kuiambia kompyuta ni TB 2, unakopi na majina yote unayaona, siku ukifungua picha inatoka nusu ya kijivu au haifunguki kabisa. Kuna kaprogramu ka bure kanaitwa H2testw, kanaijaza flashi nzima alafu kanaisoma tena, kama ni feki kanakwambia ukweli wake. Mimi hata hadidiski ya boksi naipima kwanza kabla sijamkabidhi mtu.

Mama tulimaliza naye Ijumaa. Picha 11,846 kwenye laptopu, idadi ile ile kwenye hadidiski, nikamwambia achague kumi zozote anazotaka yeye tuzifungue moja moja kutoka kwenye hadidiski, nikiwa nimezima wifi. Ya saba ilikuwa ya marehemu mumewe amesimama kwenye gati la Pangani. Akaniuliza hii iko humu humu? Nikamwambia ndio mama, humu humu. Akaniomba nimtolee kwenye karatasi mbili, moja yake, moja ya binti.

Kama umefuta kitu wiki hizi niandikie aina ya simu, huduma unayotumia na tarehe uliyofuta, nikianza na tarehe najua kama tunakimbia au tuna muda.