Dagaa Tule au Tusile? Neno kwa Anayesemea Taasisi

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya elimu ya afya kwa umma, niliitwa kwenye kipindi cha asubuhi cha redio hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kuzungumzia kipindupindu kilichokuwa kimejitokeza katika baadhi ya mialo, yaani sehemu za ufukweni wavuvi wanapoteremshia samaki. Nilisema tumeimarisha ufuatiliaji, tumeunda timu ya dharura, tunashirikiana na wadau wote. Sauti haikutetemeka. Mtangazaji alinishukuru na wenzangu ofisini wakanipongeza. Jioni nikapita soko la Kirumba, nikamwamkia mama mmoja anayeuza dagaa. Aliitikia, kisha akauliza: "Nimekusikia redioni, mwanangu. Sasa hawa dagaa watu wale au wasile?"

Nilikuwa nimekaa hewani dakika 20 bila kuligusa swali hilo. Na jibu nilikuwa nalo. Kipindupindu huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi chenye vimelea. Dagaa walioiva vizuri, wakaliwa wangali moto kwa mikono iliyonawiwa kwa sabuni, ni salama. Hatari kubwa ni kuyachota maji ya ziwani na kuyanywa bila kuyachemsha au kuyatia dawa. Maneno hayo hayachukui hata dakika moja, lakini sikuyasema, na wateja wake siku hiyo walikuwa wamepungua.

Tangu hapo, kabla ya mahojiano yoyote, humweka mama yule mbele yangu. Wasemaji wengi tunaamini kujiamini mbele ya kamera ni kipaji cha ulimi. Mimi sikubaliani. Nimewaona watu hodari wa kuhutubia wakikwama kwenye swali la pili, na nimemsikia mganga mpole wa zahanati ya kisiwani, asiyependa hata kupigwa picha, akieleza jambo likaeleweka kwa kila aliyekuwa na redio. Mganga yule alijua anayemsikiliza ni nani na anataka kufanya nini baada ya kusikia.

Kwa hiyo maandalizi yaanze na karatasi moja, si faili. Andika mwananchi afanye nini. Kisha andika nini kimetokea, halafu taasisi inafanya nini. Sisi wa ofisini hupenda kuanza na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo linalotupa sifa, na kufikia pale msikilizaji amekwisha kugeuza stesheni. Mwulize mwandishi mada ni ipi, mahojiano ni mubashara au yanarekodiwa, yatachukua muda gani, na nani mwingine atahojiwa. Hayo ni haki yako kuyajua. Kudai maswali yote kwa maandishi siku mbili kabla, kama baadhi ya viongozi wanavyofanya, kunamfanya mwandishi ahisi kuna jambo linafichwa, na mara nyingi humtafuta mtu mwingine wa kuzungumza.

Mahojiano yakirekodiwa, kumbuka kwamba katika dakika zako 10 kitakachosikika kwenye taarifa ya habari ni kipande kifupi, pengine cha sekunde 20. Kila jibu lijitegemee. Ukisema "kama nilivyoeleza hapo awali," hapo awali hapatakuwepo. Ukiteleza, sema "naomba nirudie," uanze upya. Hakuna mwandishi mwenye nia njema atakayekukatalia.

Swali gumu mara nyingi huja na tuhuma ndani yake: "Kwa nini mmeficha idadi ya wagonjwa?" Ukijibu "hatujaficha," umelibeba neno lile kwa sauti yako mwenyewe, na ndilo litakalokatwa na kurushwa. Sema ulicho nacho: "Hadi saa sita mchana leo tumethibitisha wagonjwa kadhaa, wote wanatibiwa. Taarifa nyingine tutaitoa saa kumi jioni." Na hiyo saa kumi uwepo kweli, hata kama huna jipya.

Hapo kwenye idadi naomba nikae kidogo, kwa sababu ziwa hili limetufundisha kwa uchungu. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha kamili, na hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa tofauti. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Hesabu ya marehemu ilipanda siku hadi siku mpaka ikapita 220. Na katikati ya msiba huo, siku mbili baada ya ajali, waokoaji walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Fikiria msemaji ambaye usiku wa kwanza angetamka kwamba hakuna tena matumaini ya kumpata aliye hai. Ndiyo maana nasisitiza maneno "hadi sasa" na "tuliothibitisha." Anayesikiliza anaweza kuwa amesimama ufukweni akimsubiri mtu wake. Kwa sababu hiyo hiyo, jina la marehemu lisitamkwe redioni kabla ndugu hawajaambiwa.

"Bado hatujajua" ni jibu kamili, mradi useme unalitafuta wapi na utarudi lini. "Sina la kusema" ni jambo jingine; huo ni mlango unaofungwa usoni pa watu. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inazipa taasisi siku 30 kumjibu anayeomba taarifa kwa maandishi, lakini msemaji asijifiche nyuma ya siku hizo wakati wa dharura. Ndani ya saa moja makundi ya WhatsApp ya mwaloni yatakuwa yamejaza pengo kwa sauti ya mtu asiyejulikana, na uvumi ukishatangulia utaukimbiza wiki nzima.

Na uvumi huku kwetu una bei. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka nchi za Afrika Mashariki kwa sababu ya kipindupindu, na viwanda vya minofu vya ukanda huu vikaumia pamoja na wavuvi wa sangara. Neno moja lisilopimwa kuhusu samaki au maji linaweza kufanya mtu arudi nyumbani na ndoo ileile aliyotoka nayo alfajiri. Basi ukitaja hatari, taja papo hapo na kilicho salama.

Kuhusu mavazi na mkao watu huuliza sana. Vaa nguo safi isiyometameta, mtazame anayekuuliza, yatosha. Ila mkirekodi ufukweni, upepo wa ziwa hula sauti. Upe mgongo, au mwombe mwandishi msogee nyuma ya jengo. Na usimwambie mwandishi jambo la siri kwa kutegemea kwamba "hili usiliandike." Kama halipaswi kusikika, lisitoke, hata kipaza sauti kikiwa kimezimwa.

Ukimaliza, mtumie mwandishi ujumbe wenye tarakimu na majina ya mahali yaliyoandikwa sawasawa, kisha usizime simu. Ukigundua umetaja takwimu isiyo sahihi, mpigie wewe mwenyewe, usingoje agundue. Mahojiano mengi hufanyika asubuhi na taarifa ya habari husomwa saa mbili usiku. Ukipiga saa kumi na moja jioni, bado ana muda wa kurekebisha.