Kisukari, chakula na miti shamba: mnayotuuliza kliniki

Nimekonda sana tangu niambiwe nina kisukari. Ni ugonjwa au ni chakula?

Huenda ni vyote viwili. Sukari ikikaa juu, mwili unashindwa kuitumia, inatoka na mkojo, nao mwili unaanza kujila mafuta na misuli. Lakini wengi ninaowaona wamekondeshwa na woga. Jirani kasema "acha wanga", basi mtu kaacha ugali, ndizi na viazi, kabaki na mchicha na chai ya rangi. Wanga hauachwi, unapunguzwa. Ugali wa dona usiozidi ngumi yako, nusu ya sahani mboga za majani, na pembeni maharage, dagaa au yai. Ukiendelea kukonda huku unakula hivyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Karela, uwatu, mlonge: vinashusha sukari kweli?

Karela na uwatu vinaweza kushusha, na hapo ndipo penye hatari. Mimi sidharau miti. Hata metformini, kidonge ambacho wengi wenu mnameza, historia yake inaanzia kwenye mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Ila kidonge cha miligramu 500 leo ni kilekile kesho. Kikombe cha juisi ya karela hakina kipimo: leo chungu sana, kesho maji matupu.

Mama mmoja aliletwa akitetemeka, kanga imelowa jasho, sukari 2.8 (kipimo cha mmol/L), yaani imeshuka mno. Nikamuuliza, "Mama, kuna dawa nyingine unatumia?" Akajibu, "Hapana, mwanangu." Tulipomnywesha maji ya sukari akapata nafuu, ndipo bintiye akatoa kwenye kikapu chupa ya nusu lita, imebaki kidogo tu, ya kijani. Mama alikuwa ameinywa asubuhi juu ya glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, bila kula kitu. Karela, kidonge na njaa, vyote vikivuta upande mmoja.

Nitajuaje sukari imeshuka?

Jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Ukipima ikawa chini ya 4, au huna mashine, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Pima tena baada ya dakika 15, kisha kula. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Dawa ya asili imenikubali. Niache vidonge?

Usiache, tafadhali. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya asili cha shilingi 500 wakiamini kinatibu kisukari pia, na wapo walioacha dawa zao. Kujisikia vizuri si kipimo: sukari inaweza kuwa 15 na mtu anatembea sokoni. Anayetegemea insulini akiiacha, ndani ya siku chache damu inajaa asidi, na hiyo inaua.

Nikimwambia daktari atanigombeza.

Wapo wanaogomba, na wanakosea, maana mgonjwa aliyegombezwa mara moja hasemi tena. Wewe sema hata hivyo. Njoo na chupa yenyewe, au unga ulivyo kwenye karatasi, ueleze unakunywa kiasi gani na saa ngapi. Unga usio na jina usiuonje kabla: kuna uliowahi kukutwa umechanganywa na vidonge vya kisukari vilivyosagwa. Tukishajua, tutapima figo zako, na pengine tutapunguza kidonge.