Visulisuli vya heliamu huvurugika vipi?

Pale Kibirizi, Kigoma, mpiga kasia akivuta, nyuma ya kasia hubaki kisulisuli kidogo cha maji. Gamba la dagaa likinaswa humo huzunguka mara kadhaa, kisha hutulia. Mnato wa maji ndio unaokimaliza.

Heliamu iliyopozwa chini ya kelvini 2.17 (karibu nyuzi 271 za Selsiasi chini ya sifuri) haina huruma hiyo. Hapo ni supafluidi, yaani kimiminika kinachoweza kutiririka bila mnato, na mzunguko, kama mwanafizikia Lars Onsager alivyodokeza mwaka 1949, huja kwa vipimo kamili tu: kimoja, viwili, vitatu. Nusu hakuna. Kisulisuli hakiwezi kufifia. Kitapasuka, kitakatika au kitaishia ukutani.

Kupasuka ni hesabu nyepesi. Nishati hukua kwa mraba: kisulisuli cha vipimo viwili hubeba takriban mafungu 4, ila viwili vya kimoja kimoja hubeba 2 kwa jumla. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walishuhudia kikigawanyika mwaka 2004, si katika heliamu bali katika supafluidi nyingine: wingu baridi mno la atomi za sodiamu.

Ninachokipenda zaidi ni mvurugiko uliopewa majina ya wanafizikia Donnelly na Glaberson. Zungusha chombo cha heliamu, duru moja kwa kila sekunde 6 hivi, na visulisuli kama 2000 vitajipanga wima katika kila sentimita ya mraba, kiini cha kila kimoja kikikaribia upana wa atomi. Sasa pasha moto kitako cha chombo. Juu ya kelvini 1, heliamu hii ina sehemu mbili: isiyo na mnato, na ile ya kawaida inayobeba joto. Ya kawaida hupanda ikifuata urefu wa visulisuli.

Kumbe visulisuli vyenyewe havijanyooka sawasawa. Mawimbi ya Kelvin, yaani mitikisiko inayosafiri kwenye urefu wa kisulisuli, huvipinda kwa umbo la parafujo. Mkondo wa sehemu ya kawaida ukienda polepole kuliko wimbi, msuguano kati yake na kisulisuli hulizima. Ukilipita, msuguano uleule hulisukuma likue! (Wanafunzi wangu hugoma hapa, wamezoea kuuona msuguano kama breki.) Wimbi hutanuka hadi kugusa kisulisuli jirani, visulisuli hukatika kama nyuzi na kuungana upya, na safu nzima huishia kuwa fundo.

Cheng, Cromar na Donnelly walilikuta jambo hili maabara mwaka 1973. Glaberson na wenzake wakaeleza chanzo chake mwaka uliofuata. Kizingiti chake kinashangaza: zungusha chombo kwa kasi mara nne, na mkondo utahitaji mwendo mara mbili ndipo uvuruge. Visulisuli vilivyobanana ni vigumu zaidi kuvichokoza.