Usafi wa almasi si kumeremeta

Juzi nimeonyeshwa tena pete ya uchumba kwenye simu. Video ya sekunde chache, kidole kinageuzwa huku na huku chini ya taa, jiwe linatoa cheche. "Ona usafi wake!" Nikajikaza nisiseme kitu. Sasa nasema.

Usafi wa almasi ni uchache wa dosari zilizomo ndani ya jiwe au juu yake: chembe za madini mengine, nyufa ndogo zilizo mfano wa unyoya, vijiwingu. Mpimaji hulitazama kwa lenzi inayokuza mara 10, kisha hulipa daraja, kuanzia FL, yaani hakuna alichokiona, hadi I3, ambayo dosari zake hata wewe utaziona. Madaraja yote ni 11. Basi.

Kinachotuponza ni neno lenyewe. "Safi" tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko ni kitu kisichochanganyika na kingine, kama maji yaliyotuama hadi tope likazama. Maana hiyo bado tunayo tunaposema dhahabu safi. Lakini vinywani mwetu neno limetembea sana: chumba safi, nguo safi, mambo safi, hadi kila kinachopendeza kikawa safi. Mtu akiona jiwe linang'aa, neno linamponyoka lenyewe.

Kumeremeta ni kazi ya mkato. Pembe za jiwe zikipatiwa, mwanga unaoingia kwa juu hugonga kuta za ndani ukarudi machoni. Zikikosewa, unavujia chini na jiwe linapooza. Tazama kioo cha dirisha: hakina doa wala ufa, na hakimeremeti hata kidogo. Almasi ya SI1, daraja la saba kutoka juu, iliyokatwa vizuri, kwa upande wake, inametameta kweli, na dosari zake ukizitafuta kwa macho matupu mara nyingi huambulii kitu. Weupe nao ni habari nyingine, hiyo ni rangi, ina herufi zake kuanzia D hadi Z. Na jiwe lililofifia kwa losheni linataka maji ya sabuni tu; daraja lake liko palepale.

Wanaoniuma roho ni wanaolipia VVS1, daraja la tatu kutoka juu, wakidhani wananunua mng'ao. Iweke pembeni mwa VS2, ya daraja la sita, yenye mkato uleule, uone kama utazitofautisha bila lenzi. Umelipia uadimu. (Mkato wa mstatili wenye nyuso pana nauacha kando. Ule ni dirisha hasa, kila doa linachungulia, na hapo daraja la juu lina kazi.)

Kwa hiyo, ndugu yangu wa ile video, pete ni nzuri na inameremeta, hongera sana. Usafi wake ndio sijauona, na wewe hujauona bado. Tuutafute kwenye cheti cha mpimaji.