Dola la wafuga farasi: maana yake

Hadithi nyingi za kubuni zina taifa la wapanda farasi linalotawala wakulima: watu wa mahema na pinde, wanaoshuka bondeni kutoza nafaka. Dola la wafuga farasi ni utawala wa namna hiyo. Nguvu ya vita iko kwa wafugaji wachache, na sehemu kubwa ya kodi inatoka kwa wakulima walio wengi. Sisi tunao mfano wa karibu wa ng'ombe, wafugaji Wahima na wakulima Wairu wa Ankole, Uganda. Lakini farasi ana masharti yake, na anayetaka kuuelewa utawala huu aanze na nyasi kabla ya upanga.

Wamongolia wa karne ya 13 walikwenda vitani kila mtu na farasi kadhaa, wa kupokezana. Kikosi cha watu 10,000, walichokiita tumeni, kilihitaji malisho ya makumi ya maelfu ya farasi. Nyasi zikiisha, safari imekwisha.

Farasi huyo huyo ndiye jiko lao wakati wa kiangazi. Mtoto wa farasi huletwa kwanza, anyonye kidogo maziwa yashuke, kisha huvutwa pembeni na kushikwa palepale mama yake amwone, huku mkamuaji akiwahi na ndoo. Kiwele ni kidogo, kwa hiyo wanakamua mara kadhaa kwa siku. Maziwa hutiwa kwenye kiriba cha ngozi na kusukwa kwa mti, tena na tena, hadi yachachuke na kulevya kidogo. Ndiyo airagi. Mtawa William wa Rubruck, aliyesafiri huko kuanzia 1253, aliandika kwamba kinachoma ulimi na kuacha ladha ya lozi.

Hata hivyo maziwa hayo hayatoi unga, hariri wala chuma. Mkulima anaweza kuishi miaka bila kumwona mfugaji. Mfugaji anamhitaji mkulima. Basi atamvamia na kuondoka, au atakaa amtoze kodi. Hapo ndipo dola linapozaliwa.

Kaskazini mwa China jambo hili lilikuwa la kufa na kupona. Wapo wakubwa wa Kimongolia walioona wakulima hawana faida, bora mashamba yageuzwe malisho. Mshauri Yelü Chucai, mtu wa kabila la Wakhitani, alimpigia hesabu Ögedei, Khan (mtawala mkuu) wa Wamongolia: fedha, hariri na nafaka zitakazoingia kila mwaka wakulima wakiachwa walime. Ögedei akakubali. Nikiisoma habari hii huwa nawafikiria wale watu shambani, ambao hawakujua kwamba uhai wao unapimwa kwa hesabu ya kodi.

Kwa Warusi mambo yalikwenda vingine. Msituni hakuna malisho, kwa hiyo Wamongolia walibaki na mifugo yao kwenye nyika za mto Volga, wakahesabu watu, kisha kazi ya kukusanya kodi ikaja kuangukia wakuu wa Kirusi wenyewe.

Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia aliyekuja baadaye, ndiye aliyehamia kwa wakulima, akajenga mji mkuu mahali ilipo Beijing leo. Inasimuliwa kwamba aliagiza nyasi za nyikani zipandwe mbele ya kasri, wajukuu wasisahau walikotoka. Hata hivyo kila kiangazi alirudi kaskazini, kwenye mji wake wa Shangdu, kwenye malisho ya farasi wake weupe.