Wundanyi au Lushoto: mpwani apande mlima msimu gani?

Kila mwaka kusi inapokaza na mashua ndogo kuanza kulazwa ufukoni hapa Malindi, mimi hupigiwa simu na swali huwa moja: "Twataka kupanda Wundanyi, ule mji wa juu ya milima ya Taita, twende mwezi gani?" Wengi wanaouliza wameshajijibu moyoni. Wanataka Agosti kwa sababu watoto wamefunga shule, au Desemba kwa sababu kazini kuna likizo. Mimi napanga safari za watu wa huku kwetu, wa Malindi, Mambrui na Lamu, kwenda milimani kutafuta baridi, na jibu langu huwashangaza karibu kila mara: nendeni Januari, joto likiwa limepamba moto na kaskazi imeshika. Naandika sababu hapa kwa sababu kwenye simu maelezo huwa hayaishi.

Ukitaka kuielewa milima, anza na pepo hizi hizi tunazozijua baharini. Kusi huingia mnamo Aprili ikitoka kusini-mashariki, hukaza Juni hadi Agosti, kisha hulegea wakati wa demani. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Wazee wa Lamu waliosafiri na majahazi hawahitaji kuambiwa hayo. Wasilolifikiria wengi ni kwamba pepo hizo haziishii ufukoni. Kusi imepita juu ya bahari masafa marefu na imejaa unyevu. Kwetu nchi ni tambarare, kwa hiyo hutupita na kutuachia vimvua vya mchoo tu. Ikishavuka nyika ya Tsavo hukutana na milima ya Taita, nayo haina pa kupita ila kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa haiwezi tena kuubeba ule unyevu, kwa hiyo huumwaga: ukungu, manyunyu, mawingu yanayokaa juu ya vilele kutwa nzima. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, safu inayoteremka kupitia Pare, Usambara na Uluguru hadi Udzungwa, na misitu yake yote imelelewa na unyevu huo wa bahari. Msitu wa Ngangao na ule wa Mbololo una ndege na maua yasiyoota wala kuruka pengine popote duniani, na ukungu wa kusi ni sehemu kubwa ya sababu.

Ukungu ni neema kwa msitu. Kwa mtu aliyepanda ili aone mbali, ni hasara ya nauli.

Mwezi wa saba juu kule ni hivi. Unaamka asubuhi, unafungua dirisha, na mti ulio hatua chache mbele yako huuoni. Ukitoka barabarani vumbi ni kavu, hakuna tone lililodondoka. Ukiingia chini ya miti ya Ngangao, kunanyesha. Majani na kuvumwani za miti zinachuja ukungu unaopita, maji yanajikusanya kwenye ncha ya jani, halafu yanaanguka shingoni mwako tone baada ya tone. Nguo uliyofua na kuanika leo, kesho kutwa bado ina majimaji. Jua likichomoza saa saba mchana watu wote hutoka nje kuliota, na saa tisa limekwisha. Napenda sana siku kama hizo, kwa kuwa msitu huwa hai kuliko wakati wowote, lakini huwa sikubali kumpeleka huko mama mwenye pumu au mzee wa magoti mabovu bila kumwambia kwanza anachokwenda kukutana nacho.

Sasa tupige hesabu ya baridi yenyewe. Kwa kawaida kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Wundanyi iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo toa nyuzi 9 kwenye joto la Malindi. Mchana wa Februari hapa huwa nyuzi 31 au 32, na usiku haupoi, unalala jasho likikutiririka. Toa 9: unapata mchana wa 22 au 23, hali ambayo mtu anatembea kilima kizima bila kuchoka na jioni anatafuta sweta nyepesi. Julai mchana wetu ni 27 au 28, upepo unapiga vizuri, ni msimu mtamu kuliko yote pwani. Toa 9 hizo hizo, ongeza ukungu na upepo, na usiku wa nyuzi 13 hivi katika nyumba isiyo na moto. Tofauti ya nyuzi ni ile ile, lakini mmoja ametoroka tanuri na mwingine ametoka kwenye kipupwe kizuri akaenda kujikunyata. Hili ndilo ninalotaka wapwani wenzangu walifikirie. Baridi ya mlima ina thamani pale tu unapokuwa na joto la kulikimbia.

Mara nyingi mtu hunijibu kwamba amesoma mahali kuwa msimu bora wa kutembelea Taita-Taveta ni Juni hadi Oktoba. Ushauri huo ni sahihi kwa anayekwenda kuangalia wanyama. Tsavo ikikauka, majani hupungua, ndovu na nyati hukusanyika penye maji, na mtalii huwaona kwa urahisi. Lakini Voi iko chini, kama mita 600, na Wundanyi iko juu yake, na kusi inayoikausha nyika ndiyo inayoulowesha mlima. Mtu anaweza kupigwa na jua kali Voi, akapanda matatu kupitia Mwatate, na kabla hajafika Wundanyi taa za gari zimewashwa kwa ukungu. Usisafirie nyota ya mwenzio: kalenda ya mbuga waachie wa mbuga.

Mtego mkubwa zaidi ni Desemba. Kwetu Malindi mvua kubwa ni masika, na mwezi wa tano ndio kilele chake. Vuli huku huwa ya kupita, wakati mwingine hata haifiki. Kwa hiyo mpwani akitazama anga la Desemba lilivyo jeupe hudhani nchi nzima ni hivyo. Bara kule mambo ni mengine. Voi na milima ya Taita hupata vuli ya kweli, Novemba ikiwa na mvua nyingi sana na Desemba ikiendelea nayo. Barabara ya lami ya Mwatate hadi Wundanyi hupitika, ila njia za udongo mwekundu zinazopanda Vuria au kwenda Ngangao huteleza kama sabuni, na bodaboda wengi hukataa kwenda. Mkazi wa Malindi hahitaji kwenda mbali kupata dalili: akiona maji ya mto Sabaki yamegeuka kuwa ya matope na bahari ya hapa kwetu kuwa ya kahawia huku jua likiwaka, ajue bara kunanyesha.

Na kuna miaka ambayo vuli hupita kiasi. Mwaka 2023, El Niño ilipokuja, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatwa na mafuriko, na familia za Lamu zilizokuwa na mipango ya likizo hazikuweza hata kufika Malindi, seuze Taita. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa vuli kabla msimu haujaanza. Ukisikia wanataja mvua kupita kawaida, ahirisha safari mara moja, usisubiri kuona.

Kwa hiyo Januari. Vuli imekwisha, ardhi bado mbichi, mashamba ya mboga kwenye matuta yamestawi, maporomoko yana maji, na kaskazi inayovuma haina unyevu mwingi kama kusi. Asubuhi ukipanda Vuria, kilele cha juu kuliko vyote Taita chenye mita 2,208, unakuta ukungu umelala mabondeni chini yako na wewe uko juani. Upande wa magharibi unauona Mlima Kilimanjaro mzima na theluji yake. Fika mapema. Kufikia saa tatu au saa nne mawingu huanza kuujengea Kilimanjaro kilemba, na aliyechelewa kwa sababu ya chai hubaki kupiga picha za mawingu. Februari huwa vivyo hivyo, kavu zaidi, na kadiri Machi inavyokaribia ukungu wa vumbi la nyika huongezeka na mandhari hufifia.

Ndani ya Januari yenyewe kuna siku za kukwepa. Wiki ya kwanza wageni wa bara waliokuja kula Krismasi Malindi na Watamu hurudi Nairobi wote kwa pamoja, na mabasi na treni za kutoka Mombasa hujaa. Mwelekeo wao ndio mwelekeo wako, hadi Voi. Ngoja shule zifunguliwe, barabara itulie, kisha uende. Treni ya asubuhi inayosimama vituoni huondoka stesheni ya Miritini na kukushusha Voi, na hapo matatu za Wundanyi zipo. Wa Lamu anayevuka kutoka kisiwani hadi Mokowe na kupanda basi, namshauri alale Malindi au Mombasa usiku mmoja. Kuunganisha yote kwa siku moja ni kumtesa mtoto na mzee.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo ndizo wengi wa wateja wangu wa Lamu, kuna hesabu nyingine. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Hilo linaibana nafasi nzuri hadi Januari peke yake, kwa sababu baada ya Idi masika huwa inabisha hodi. Wako wanaofunga wakiwa mlimani, na wanasema kiu haiwaumizi kama huku. Siwakatazi, ila kutembea vilima na saumu si sawa na kukaa barazani.

Sijawasahau wenye watoto wa shule, ambao Januari haiwafai. Aprili ni masika, sitaki hata kuizungumzia. Agosti basi, lakini chagua mwisho wa mwezi, na ujipangie mambo yasiyohitaji jua: msitu, maporomoko, soko la Wundanyi, sahani ya kimanga cha moto, chakula cha Kitaita, kwa wenyeji. Watoto huufurahia ukungu kuliko sisi. Wanunulie majaketi na soksi nzito kwenye mitumba kabla ya kuondoka, kwa kuwa huku pwani hakuna anayeyagombania na bei yake ni nafuu. Na asiyefungwa na shule wala Januari, aangalie mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba, kusi ikishalegea na vuli haijafika. Milima huwa imefunguka na nyumba za wageni hazina watu. Mashamba tu ndiyo yamekauka.

Lushoto, mji wa milima ya Usambara huko Tanzania, ni hadithi yenye tofauti kidogo. Nayo iko karibu mita 1,400, na Wajerumani waliitwa na hali ile ile ya hewa, wakaupa mji jina la Wilhelmstal na kuufanya mahali pa kupumzikia na joto la Tanga. Misimu yake inafuata pepo zile zile, ila Usambara imegawanyika pande mbili. Usambara ya mashariki, kule Amani walikoanzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, ndiyo inayopokea upepo wa bahari kwanza, na mvua yake ni nyingi mno. Lushoto iko Usambara ya magharibi, nyuma yake, na hupata iliyobaki. Kwa sababu hiyo, mtu anayelazimika kwenda Agosti namwambia aache Amani, aende Lushoto. Asubuhi itakuwa na ukungu na usiku utauma, lakini mchana ana nafasi nzuri ya kusimama ukingoni pale Irente na kuiona nyika yote chini yake. Anayeweza Januari atakuta na matunda: plamsi na mafyulisi huuzwa kwa ndoo njiani kutoka Mombo. Safari ni ndefu, kupitia Lunga Lunga, Horohoro, Tanga na Korogwe, na inahitaji hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa hiyo isiwe ya siku mbili.

Jambo la mwisho ni la nyumba. Mlimani, nyumba mbili zinazoweza kusikilizana kwa sauti zinaweza kuwa na hali ya hewa tofauti kabisa. Iliyo kwenye mteremko wa kusini-mashariki hupokea kusi usoni, na iliyo nyuma ya kilima, kaskazini-magharibi, hupata jua zaidi na mvua kidogo. Kwenye picha zote mbili huonekana za kupendeza. Kabla ya kutuma pesa ya nafasi, mpigie mwenye nyumba na umuulize jua linaingia upande gani asubuhi, na nguo zake mwezi wa saba hukauka kwa siku ngapi. Akisema huanika ndani, chukua nyumba hiyo kwa Januari tu.