Masadukayo hawakuwa watu wasiomwamini Mungu
Kwa kuwa Masadukayo, kundi la kidini la Wayahudi wa wakati wa Yesu, walikana ufufuo wa wafu, wasomaji wengi wa Biblia huwahesabu kuwa watu wasio na dini, na huko ni kuwaonea. Wengi wao walikuwa wa jamaa za makuhani, waliosimamia dhabihu katika Hekalu la Yerusalemu hadi Warumi walipolibomoa mwaka 70. Walichokataa ni mapokeo ya wazee, yaani mafundisho yaliyopokezwa nje ya maandiko, ambayo Mafarisayo, kundi jingine la Wayahudi, waliyapa uzito wa sheria. Wao walishika yaliyoandikwa tu, na kwa kuwa hawakuona katika Torati fundisho la wazi la ufufuo, walishikilia kwamba roho hufa pamoja na mwili. Mwanahistoria Myahudi Josephus, wa karne ya 1, anaongeza kwamba katika hukumu walikuwa wakali kuliko Wayahudi wengine. Tazama jinsi walivyomjia Yesu na kisa cha mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akifa bila mtoto, wakauliza katika ufufuo atakuwa mke wa nani: swali lao lilitoka katika sheria ya Musa ya kumrithi mjane wa ndugu, naye akawajibu kwa Musa huyo huyo, kwa maneno ambayo Mungu alimwambia Musa pale kwenye kijiti kilichowaka moto, kwamba yeye ni Mungu wa Abrahamu, Isaka na Yakobo, naye si Mungu wa wafu bali wa walio hai.